Mama yuko kwenye dripu za saratani: je, tuwakutanishe watoto na wajukuu Jumapili?

Dada uliyeuliza kama ni busara kuikusanya familia nyumbani ilhali mama yenu yuko katikati ya tibakemikali (dawa kali za dripu) ya saratani ya matiti, jibu langu ni ndiyo, ila Jumapili hiyo ichaguliwe kwa kufuata ratiba ya dripu, si ratiba ya watoto wenye kazi nyingi. Nilimuuguza mama yangu mzazi alipokuwa akitibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, na siku zetu njema zilikuwa zile tulizozipanga kwa namna hiyo.

Mama alikuwa akipata dawa kila baada ya siku 21, mpangilio unaotumika sana kwa saratani hiyo. Siku za mwanzo ni za kichefuchefu na uchovu. Kisha, takriban kati ya siku ya 7 na ya 14, chembechembe nyeupe za damu hushuka sana, na hapo ndipo familia nyingi hukosea, kwa sababu mgonjwa huanza kuonekana mchangamfu wakati kinga ya mwili wake iko chini kabisa. Sisi tulikutana mwishoni mwa wiki ya tatu, kabla ya dripu iliyofuata. Muulizeni daktari wenu, kwani zipo dawa zinazotolewa kila wiki na hesabu yake ni nyingine.

Mwenye mafua au kikohozi abaki kwake, hata akiwa mjukuu kipenzi, na kila anayeingia anawe mikono kwa sabuni. Majirani, wanajumuiya na ndugu wa mbali wapangiwe siku nyingine. Kazi ya kuwaeleza apewe mtu mmoja asiyeona haya (kwetu alikuwa kaka mkubwa), ili mgonjwa asilazimike kumkatalia mgeni mlangoni.

Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilimtibua mama hata akiwa chumbani, kwa hiyo chakula kilipikwa kwa mama mdogo, nyumba ya pili, kikaletwa kikiwa kimepoa kidogo. Nyama ilikuwa na ladha ya chuma mdomoni mwake. Viazi vitamu vya kuchemsha na samaki wa mchuzi mwepesi usio na pilipili wala ndimu vilipita vizuri, kwa kuwa alikuwa na vidonda vya mdomoni. Kachumbari tuliiacha, na papai lilioshwa kwanza ndipo likamenywa. Msimhimize amalize sahani. Mpeni kidogo, na baada ya muda kidogo tena.

Lakini ninaloliona kubwa kuliko chakula ni kumwachia nafasi yake katika nyumba. Mama aliomba ungo achambue mchele, shangazi wakataka kumpokonya kwa huruma, nikawasihi wamwache, naye akachambua polepole kwenye mkeka kivulini huku akimkemea mjukuu aliyemwaga maji, kama alivyozoea siku zote. Alipochoka aliinuka bila kuaga. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa, dirisha liko wazi, na tulikuwa tumekubaliana kwamba hakuna atakayemfuata kumuuliza anajisikiaje wala atakayewanyamazisha watoto, kwa maana kelele zao ndizo alizozitamani. Aliporudi, hakuna aliyempigia makofi. Picha nazo zipigwe kwa ridhaa yake tu, hasa baada ya nywele kudondoka, na zisirushwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla hajaziona.

Atakuwepo pia mjomba mwenye chupa ya mitishamba na habari za mtu aliyepona kwayo. Ipokeeni kwa heshima na muiweke kabatini hadi daktari aulizwe, kwa kuwa baadhi ya mimea huingiliana na dawa za saratani, na mjadala huo usiletwe mezani siku hiyo.

Mwisho, kipimajoto kiwe karibu. Joto likifika nyuzi 38, hata kama pilau ndiyo kwanza inapakuliwa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na msisubiri Jumatatu. Wala msianze kumpa panadol, kwa kuwa inaweza kuificha homa ambayo daktari anahitaji kuiona. Mkifika, semeni mapema pale mapokezi kwamba yuko kwenye tibakemikali na mtaje tarehe ya dripu ya mwisho.