Unaandika kwa kujitegemea na unapenda kuzunguka? Hela iko hivi

Kila nikiposti picha nipo njiani inboksi inajaa, oo dada na mimi nataka maisha hayo nianzie wapi. Haya tuongee, ila sikupambi.

Makala moja hailipi safari. Piga nauli, gesti, msosi, bando, utakuta hela imeisha hata aya ya kwanza hujaandika. Ndo maana mi sikati tiketi mpaka nione kazi kama tatu za kuuza, makala, sauti au picha, kwenye njia hiyohiyo, na hapo ndo kupenda mambo mengi kunalipa, wale wanaosema chagua kimoja tu waache waendelee kusema.

Chukua treni ya TAZARA. Kilomita 1,860 toka Dar mpaka New Kapiri Mposhi Zambia, ilijengwa na Wachina miaka ya 70, historia hiyo kila mtu anaiandika. Mi napenda sauti, so treni ikisimama Mlimba natoa kinasa sauti dirishani, wauza ndizi wanaita, watu wanapeana mizigo kwa madirishani, hiyo inaenda kwa mtu wa podikasti. Napenda picha pia, na kuanzia hapo kupandisha Makambako ni mahandaki na madaraja kwa kwenda mbele, kaa dirishani na chaji iwe imejaa. Chakula cha behewa la mgahawa nacho ni stori nyingine kwa mteja mwingine.

Ila kule mtandao unapotea kabisa, tena muda mrefu, so usipande na dedlaini ya kesho. Beba laini mbili za mitandao tofauti, dokumenti zako ziseti zifunguke bila data kabla hujatoka nyumbani, picha na sauti zikae sehemu mbili. Kuandika njiani sahau, behewa linaruka. Mi nakusanya tu kwenye kidaftari, nani kasema nini, bei gani, kavaaje, afu naandika nikifika Mbeya kwenye gesti yenye meza. Na meza uliza kabla hujalipa, nyingi zina kitanda na kiti cha plastiki basi!

AI naitumia kugeuza sauti za mahojiano ya Kiingereza ziwe maandishi, Kiswahili cha mtaani bado inachemsha sana, mtu kasema "ngoma imebuma", yaani mambo yamefeli, yenyewe inakuletea habari za ngoma, so hapo navaa hedifoni nasikiliza mwenyewe.

Kama ndo unaanza wala usikimbilie mbali. Tangu treni ya SGR ianze 2024, toka Dar mpaka Dodoma mtu anaenda na kurudi siku hiyohiyo, unafanya mahojiano yako unalala kwako, gesti ushaiokoa.

Na advansi omba kabla ya kutoka, angalau ya nauli na kulala. Mteja anayekwambia "we nenda tu tutaona" mi siendi, maana asiyetoa nauli hata hiyo hela ya makala utaifukuzia miezi.