Mabaka ya jua yanayobanduka na kurudi palepale

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mtu mwenye ualbino, nina miaka 36, na ninalima zabibu huku Hombolo, Dodoma. Kwa mwaka wa tatu sasa natokwa na mabaka yenye magamba kwenye paji la uso, juu ya masikio na kwenye migongo ya mikono. Magamba yakibanduka ngozi inakuwa laini, naona nimepona, lakini baada ya wiki chache yanarudi palepale. Nimeshamaliza tyubu nne za dawa ya fangasi kutoka duka la dawa, na kila asubuhi napaka mafuta ya alizeti. Kuna mtu mnadani anayachoma kwa maji makali kwa siku moja tu na anasema hayarudi tena. Je, hospitali kuna dawa kali zaidi ya kuyamaliza kabisa?

JIBU: Marahaba. Neno lililonisimamisha katika swali lako ni hilo "laini", kwa sababu haipiti wiki kliniki bila kulisikia. Mgonjwa hunionyesha kwa kidole mahali palipokuwa na gamba, akasema hapa pamekwisha kupona, pamekuwa laini, tatizo limebaki pale pengine. Nami humwomba afumbe macho na apitishe ncha ya kidole kwenye paji la uso, taratibu na bila kukandamiza, kuanzia kwenye nywele hadi kwenye nyusi. Mara nyingi kidole hukwama mahali patatu au panne ambapo jicho halioni kitu chochote, pakikwaruza kama msasa. Mabaka haya hujulikana kwa kuguswa kabla hayajaonekana, na mtu anayeyahesabu kwa kioo huhesabu pungufu kila siku.

Gamba ni zao la ugonjwa. Chini yake, ndani ya tabaka la juu la ngozi, zipo seli ambazo vinasaba vyake vimeharibiwa na mionzi ya urujuanimno ya jua, na kazi ya seli hizo, usiku na mchana, ni kutengeneza gamba. Wewe mkulima wa zabibu unalielewa jambo hili kuliko mimi, kwani unapopogoa mzabibu hukusudii ufe, bali unataka uchipue upya ili upate mavuno ya pili ndani ya mwaka uleule. Kulibandua gamba kwa kucha, kulisugua kwa dodoki au kulilainisha mpaka lidondoke ni kupogoa. Kwa muda wa miaka mitatu umepogoa vizuri sana, na shina liko salama.

Kitaalamu mabaka haya huitwa aktiniki keratosisi. Bado si saratani, na mengi hayafiki huko, lakini baadhi hugeuka kuwa saratani ya ngozi, wala hakuna daktari anayeweza kuyatazama mabaka kumi na kukuambia ni lipi litakalogeuka. Katika ngozi isiyo na rangi yake ya asili ya kuikinga, safari hiyo huanza mapema, na ndiyo maana nina wagonjwa wenye ualbino ambao hawajafika miaka 40 na tayari wamekatwa saratani zaidi ya mara moja.

Swali lako la dawa kali ya kumaliza kabisa lina kosa ndani yake ambalo ni lazima nilitaje. Paji lako lote la uso limepigwa na jua lilelile kwa miaka 36, kwa hiyo ngozi iliyo kati ya baka na baka, ile unayoiona nzima, nayo imeharibika, ila haijaanza kuota. Mabaka yanayorudi huwa ya namna mbili: yale ambayo hayakufa vizuri mara ya kwanza, na majirani zao ambao zamu yao imefika. Ukali wa dawa hauondoi hali hiyo. Kinachoiondoa ni kutibu eneo zima badala ya doa moja moja, kisha kurudi kukaguliwa kila baada ya miezi michache, na jambo hilo halina mwisho wa siku moja.

Sasa niseme kuhusu tyubu zako nne, maana hapa ndipo subira yangu inapoishia. Hukuzitaja jina, lakini zile zinazouzwa kwa wingi kwa jina la "dawa ya fangasi" huwa ni mchanganyiko wa dawa tatu katika tyubu moja: ya kuua fangasi, ya kuua bakteria, na steroidi kali, mara nyingi betamethasoni. Wewe huna fangasi wala bakteria, kwa hiyo kinachofanya kazi usoni pako ni steroidi peke yake, na steroidi ni hodari wa jambo moja, nalo ni kutuliza. Wekundu hupungua, muwasho hukoma, gamba hulegea, na muuzaji huonekana mganga. Seli mbovu zinabaki vilevile, huku kinga ya ngozi iliyopaswa kupambana nazo ikilazwa usingizi, na ngozi yenyewe ikipungua unene mpaka mishipa midogo inaonekana kwa juu. Nimewaona watu waliotumia dawa hizi miaka mitano mfululizo usoni, bila cheti cha daktari, bila mtu yeyote kuwauliza wanatibu nini. Acha kupaka leo. Kwa kuwa umeitumia muda mrefu, ngozi inaweza kuwaka na kuwa nyekundu kwa siku kadhaa baada ya kuacha, usitishike ukairudia.

Mafuta ya alizeti hayana ubaya huo, na katika mikoa yetu ya Dodoma na Singida sioni ajabu kwamba yamefika usoni, maana yamo katika kila nyumba. Hulainisha gamba, basi. Hayakingi jua kwa kiwango chochote cha kukufaa, na mtu aliyeyapaka hutoka asubuhi akiamini amevaa kinga.

Ama huyo wa mnadani, usimpelekee hata kidole kimoja. Maji makali anayoyatumia, kwa kadiri nilivyoona majeraha yake, mara nyingi ni maji ya betri, yaani asidi ya salfuriki. Ni kweli yanaunguza baka, na ni kweli panaota kovu jeupe, gumu, lisilo na gamba, ambalo mgonjwa huliona kuwa ushahidi wa kupona. Nilimpokea kijana mmoja aliyechomwa sikio mara mbili kwa njia hiyo. Alikuwa ameiweka kofia yake ya pama mapajani, na sehemu ya juu ya sikio lake ilikuwa na kovu linalong'aa kama nta, safi kabisa kwa mbele. Nilipolikunja sikio kidogo nikaona, kwa upande wa nyuma, uvimbe mgumu wenye ukoko uliokuwa ukitambaa chini ya lile kovu, na nilipogusa chini ya taya nikakutana na tezi yenye ukubwa wa zabibu. Saratani ilikuwa imefungiwa ndani na kovu na kupewa muda wa kusafiri. Alihitaji kukatwa sehemu kubwa ya sikio na kuondolewa tezi, kisha kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya tiba ya mionzi, akiacha shamba la karanga bila mtu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba baka la kwanza lilipochomwa hakukubaki chochote cha kupima. Sisi tukikata, kinyama huenda maabara na jibu hurudi likiwa na jina. Asidi haiachi kinyama.

Tiba zenyewe si nyingi, wala si siri. Baka moja moja jembamba tunaligandisha kwa nitrojeni kimiminika, ambayo ubaridi wake ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Hunyunyiziwa kwa sekunde chache, panauma kama pameunguzwa, hutokea lengelenge, na ukoko huanguka kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili. Si kila hospitali inayo, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga safari.

Kwa paji la uso kama lako, lenye mabaka mengi na msasa katikati yake, ninapendelea krimu ya fluorourasili ya asilimia 5, ambayo hupakwa eneo lote mara mbili kwa siku, usoni kwa wiki mbili hadi nne, na mikononi kwa muda mrefu zaidi kwa sababu ngozi ya huko ni nene. Hii ni dawa ya cheti, haifai kwa mjamzito wala anayenyonyesha, na haipakwi karibu na macho. Lakini jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi, au wanaambiwa haraka haraka mlangoni, ni jinsi watakavyoonekana. Siku za mwanzo hakuna kitu. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza paji huwa jekundu, kisha huanza kuchomachoma, katika wiki ya pili au ya tatu panachubuka na kufanya ukoko, na hata mahali palipoonekana pazima panawaka, kwa sababu dawa imezigundua seli mbovu ambazo jicho halikuziona. Hiyo ndiyo kazi yake. Wengi huacha siku ya nane au ya tisa wakisema dawa imewaunguza, na ndugu zao huwapelekea ile tyubu ya zamani ya kutuliza. Anayekuandikia dawa hii na akupe siku ya kurudi katikati ya matibabu, ili yeye ndiye aamue kama wekundu huo ni wa kawaida au umezidi. Ukimaliza, ngozi hufunga ndani ya wiki mbili hadi nne. Usianze karibu na mavuno, maana kipindi chote hicho utahitaji kukaa mbali na jua.

Masikio nayaweka kando na haya yote. Sikio na mdomo wa chini ni mahali ambapo saratani ikianza huwa na haraka, kwa hiyo usipakwe wala usigandishwe chochote hapo kabla daktari hajapagusa. Baka lolote lililonenepa, linalouma ukilibonyeza, linalotoa damu bila kujikuna, lililo gumu kwa chini, au linaloonekana kama kidonda kisichofunga kwa zaidi ya mwezi mmoja, linahitaji kukatwa kinyama na kupimwa. Fika kliniki ya ngozi katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa, ukiwa na tyubu zako tupu mfukoni, ili nasi tujue tunaanzia wapi.

Kuhusu kinga sitakuchosha kwa usiyohitaji kufundishwa, ila mambo mawili ambayo watu wa huku hukosea. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta na juu kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hivyo jua la huku ni kali kuliko joto lake linavyoonyesha. Kipupwe cha Juni hadi Agosti, na upepo wake ule, huwafanya watu waweke kofia pembeni kwa kuwa hawasikii kuungua, ilhali mionzi ipo. Mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana husimama utosini hasa, kwa hiyo panga kazi za shambani ziwe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. La pili ni mikono. Mtu anayefunga matawi kwenye waya huinua mikono, na migongo yake hutazama jua saa nzima, huku losheni ikiwa imeishia shingoni. Vaa glavu za kitambaa kizito. Losheni ya Kilisun, inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, mahsusi kwa watu wenye ualbino, hugawiwa bure kupitia kliniki. Ipake robo saa au nusu saa kabla ya kutoka, nyingi ya kutosha, na urudie kila baada ya saa mbili.

Nawageukia sasa wenye maduka ya dawa muhimu, kwani swali la ndugu huyu nimeliona katika sura mia moja, na karibu kila mara lilipita kwenye kaunta kabla halijafika kwangu. Mabaka yenye magamba kwenye uso wa mtu mwenye ualbino, au wa mzee mwenye ngozi nyeupe aliyeishi juani, hayana sababu ya kuitwa fangasi mpaka mtu aliyefundishwa ayatazame. Mnajua kwamba tyubu ile ina steroidi, imeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo, na mnajua mteja hasomi ubavuni. Akirudi kwa mara ya pili kuomba ileile, msimuuzie ya tatu. Chukueni ile karatasi ya kufungia dawa, mwandikieni jina la hospitali na siku ya kliniki ya ngozi, mumpe hiyo.