Swichi ya Stratocaster ya 1954
Je, Stratocaster ya kwanza, gitaa la umeme la kampuni ya Fender la 1954, ilitoka kiwandani na swichi ya nafasi tano ya kuchagua pikapu (vifaa vinavyonasa mtetemo wa nyuzi)? Hapana. Swichi yake ilikuwa na nafasi tatu tu: pikapu ya shingoni, ya kati au ya karibu na brija (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa), kila moja peke yake. Ile sauti nyembamba inayong'aa ya pikapu mbili kwa pamoja waliipata wapigaji wenyewe, kwa kuikwamisha swichi kati ya nafasi na nafasi. Fender walikuja kuweka swichi ya nafasi tano mwaka 1977, yaani walichelewa kweli. Ila usiitumie swichi kukisia umri wa gitaa, maana nyingi za zamani zilibadilishwa baadaye. Ni kazi ndogo tu ya kulehemu nyaya.