Fundi Ajibu: Vibao vya Mpini wa Kisu kwenye Ruta ya CNC

SWALI: Ndugu mafundi, salaam. Nina ruta ndogo ya CNC ya mezani (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), nachonga vibao vya mpini, yaani vipande viwili vinavyofunika chuma pande zote mbili na kushikwa kwa pini, kwa visu ambavyo chuma chake kimeshatobolewa. Kibao cha kwanza hukaa vizuri. Cha pili, nikishakigeuza nichonge upande wa nje, matundu hayalingani na pini inakwama. Kosa liko wapi?

JIBU: Salaam nawe, ndugu. Karibu kila mara kosa hili hutokana na mahali ulipoweka sifuri, yaani nukta ambayo mashine huanzia kuhesabu vipimo. Ukiiweka kwenye kona ya ubao mbichi, ukigeuza unapimia kona nyingine, na ubao mbichi hauna pembe mraba za kutegemewa. Tena kona hiyo itakatwa na kutupwa. Weka sifuri ya X na Y katikati ya tundu la pini ya mbele. Tundu hilo lipo kwenye chuma, lipo kwenye kibao, na litabaki hadi kisu kikamilike.

Anza na upande wa ndani, ule utakaogusa chuma. Usawazishe, toboa matundu, kisha uache umbo la nje kwanza. Funga kipande cha MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) cha milimita 18 juu ya meza ya mashine, na mashine ileile ikitoboe matundu mawili kwa umbali uleule. Pachika pini, geuza kibao, kivike juu yake, ndipo uchonge mgongo (upande wa nje) na ukate mzunguko wa umbo bila kupoteza sifuri. Pini hizo za kuelekeza ziwe za shaba njano au mwanzi, na zichomoze milimita 3 au 4 tu. Ikichomoza kupita unene wa mwisho wa kibao, biti, yaani kikatio cha mashine kinachozunguka, itaigonga.

Kibao cha kushoto na cha kulia hutazamana kama kwenye kioo. Kwenye programu ya kuchora, geuza umbo kwa kufuata mstari unaounganisha pini mbili. Hapo jigi moja, yaani kile kipande cha MDF chenye pini, inafaa vibao vyote viwili. Usipoligeuza utajikuta na vibao viwili vya kushoto, na mbao nzuri imepotea.

Umbali wa matundu ya chuma usiukadirie kwa macho. Pima kwa kalipa (kifaa chenye taya cha kupimia vipimo vidogo) kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa jingine, kisha pima kingo za ndani. Jumlisha vipimo viwili, gawanya kwa 2: hapo umepata umbali wa katikati hadi katikati, hata kama matundu hayana ukubwa sawa.

Ikiwa pini bado inakwama ilhali umbali ni sahihi, pima tundu lenyewe. Ruta ndogo mara nyingi hutoboa tundu dogo kuliko mchoro, kwa sababu biti nyembamba hujikunja kidogo ikikata. Kwa pini ya milimita 4, jaribu kwenye kipande cha taka hadi upate tundu la 4.05 hadi 4.1, ukitumia biti ya milimita 3 inayoshuka huku ikizunguka ndani ya tundu kama uzi wa skrubu. Likitoka la mviringo mrefu, mkanda wa mashine umelegea au skrubu inayoisogeza inachezacheza. Spindo, yaani mhimili unaozungusha biti, nayo ikaguliwe kama imesimama wima: ikiinama nusu digrii tu, tundu lenye kina cha milimita 8 huhama milimita 0.07 kutoka juu hadi chini. Likiinama kufuata urefu wa mpini, vibao viwili vikikutana pini inalazimika kupinda.

SWALI: Biti zangu zinaisha haraka kwenye G10, na kwenye mbao kingo zinachanika. Nitumie mwendo gani?

JIBU: G10 ni nyuzi za glasi ndani ya epoksi, na glasi inasaga makali ya chuma. Biti ya chuma cha kawaida haidumu. Tumia biti za kabaidi (metali ngumu sana), na kwa kukata mzunguko wa umbo zile zenye vijimeno vingi vya msalaba hustahimili zaidi. Kwa biti ya milimita 3 yenye makali mawili, anza na mizunguko 18,000 kwa dakika, mwendo wa milimita 900 kwa dakika, kina cha milimita 0.5 kwa kila pasi kwa G10 na 1 kwa mbao ngumu. Watu wengi huogopa na kupunguza mwendo mno. Biti inayokwenda polepole haikati, inasugua. Joto linapanda na makali yanakufa.

Kuchanika kwa mbao husababishwa na biti inayovuta nyuzi kwenda juu. Kwa kukata mzunguko wa umbo, tumia biti inayosukuma nyuzi chini, uache milimita 0.3 kwa pasi ya mwisho.

Vumbi la G10 na la nyuzi za kaboni lisichukuliwe kwa wepesi hata kidogo. Vaa barakoa ya daraja la P100 au FFP3, inayochuja vumbi laini, weka mdomo wa kifyonza karibu na biti, na usipulize kwa hewa ya kompresa. La kaboni linapitisha umeme, hivyo likiingia kwenye kisanduku cha umeme cha mashine linaweza kuleta shoti.

SWALI: Mgongo wa kibao unabaki na mistari mingi ya biti. Nipige msasa tu?

JIBU: Punguza hatua kati ya mistari. Kwa biti ya kichwa duara ya milimita 6, hatua ya milimita 1 huacha matuta ya takriban 0.04, ya 0.5 huacha 0.01 hivi, na msasa wa 220 unamaliza. Mistari ifuate urefu wa mpini.

SWALI: Baada ya kugandisha, baadaye kibao kinaachia pembeni. Gundi ni mbaya?

JIBU: Mara nyingi gundi haina hatia. Ukikaza vibanio kupita kiasi, epoksi yote hutoka na viungo hubaki vikavu. Hapa CNC inasaidia: chimba upande wa ndani kina cha milimita 0.2, ukiacha ukingo wa milimita 4 kuzunguka, gundi ipate pa kukaa. Kwaruza chuma, kibao na pini kwa msasa wa 80, futa kwa asetoni, usiguse tena kwa vidole. Chagua epoksi ya saa 24, si ya dakika 5.

Ukingo wa mbele, ule unaoelekea makali, uung'arishe kabisa kabla ya kugandisha, kwa sababu baadaye huwezi kuufikia bila kukwaruza chuma. Na unaposaga kwa mashine ukimalizia, gusa chuma mara kwa mara: epoksi nyingi huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, kwa hiyo kikikuunguza vidole, simama kipoe.