Ushauri kwa mnaoanza utafiti wa sumu na ufikishaji wa dawa: pimeni kibebeo kwanza

Wengi mnaoingia maabara ya famasia mnakuja na hamu ya dawa yenyewe: dondoo la mzizi, molekuli mpya, dawa ya saratani. Hamu hiyo igaweni. Nusu yake ipeni kile kinachoibeba dawa, yaani kiyeyushi, mafuta, polima (molekuli ndefu za mnyororo) au liposomu (vifuko vidogo mno vya mafuta), kwa sababu mara nyingi sumu imejificha humo.

Mwaka 1937 kampuni moja Marekani ilitaka kuuza sulfanilamidi, dawa ya kupambana na bakteria, ikiwa ya maji. Dawa yenyewe ilishazoeleka, watu wakiitumia kama vidonge na unga. Ikayeyushwa kwenye diethilini glikoli, kiyeyushi cha viwandani chenye sumu, ikatiwa ladha ya matunda, ikakaguliwa ladha, harufu na sura, ikapelekwa sokoni. Hakuna aliyepima sumu yake, hata kwa panya mmoja. Walikufa watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto, figo zikiwa zimegoma. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kudai ushahidi wa usalama kabla dawa haijauzwa. Mnadhani yaliishia hapo? Mwaka 2022 nchini Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kufeli, na dawa za maji (sharubati) zilizohusishwa na vifo hivyo zilikutwa na diethilini glikoli na ndugu yake wa sumu, ethilini glikoli. Mimi siwezi kusoma habari hiyo kama historia tu.

Sasa tuje kwenye meza yako. Kipimo utakachokutana nacho mapema ni MTT, kemikali ya rangi inayoonyesha seli zilizo hai. Unaweka seli kwenye sahani ya vishimo 96, unazipa dawa, kisha unaongeza MTT ya manjano. Seli hai huigeuza kuwa fuwele za zambarau, unaziyeyusha kwa DMSO (kiyeyushi cha maabara) na kusoma rangi kwenye nanomita 570. Zambarau ikikolea, seli nyingi zi hai. Lakini dondoo za mimea zenye polifenoli nyingi (kemikali za asili za mimea) huweza kuigeuza MTT zenyewe, bila seli hata moja. Jaribu: weka dondoo na MTT kwenye kishimo kisicho na seli, subiri, uangalie. Kikiwa zambarau, basi dondoo linaloua seli linaweza kuonekana salama kabisa kwenye grafu yako.

DMSO nayo ni mtego. Ukiyeyusha dawa kwenye DMSO halafu ukaipunguza hatua kwa hatua kwa maji ya kukuzia seli, dozi kubwa inabeba DMSO nyingi na dozi ndogo inabeba kidogo. Mkunjo mzuri utakaochora unaweza kuwa wa DMSO. Kiwango chake kiwe sawa kwenye vishimo vyote, na pawe na vishimo vya DMSO peke yake. Vivyo hivyo kwa chembe nano, yaani vibebeo vidogo mno vya dawa: chembe tupu, zisizo na dawa, zipimwe kwa uzito ule ule wa zile zenye dawa. Chembe zenye chaji chanya hujeruhi utando wa seli zenyewe, na usipozipima utaisifu dawa kwa kazi isiyo yake. Vishimo vya pembezoni hukauka haraka. Vijaze maji tu.

Msimamizi anaweza kuguna kwamba unamaliza kemikali kwa vishimo vya kulinganishia. Mweleze kwa heshima, ila usivitoe.

Kibebeo kinaweza pia kuokoa. Amfoterisini B ya kawaida huua fangasi wa homa ya uti wa mgongo kwa wagonjwa wa UKIMWI, lakini huumiza figo na kupunguza damu. Ikifungwa ndani ya liposomu, mwili unavumilia dozi kubwa zaidi. Utafiti wa AMBITION, uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ulitoa dozi moja tu ya miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, ikiwa ndani ya liposomu, pamoja na dawa nyingine za fangasi, flusitosini na flukonazoli. Matokeo ya 2022: vifo vya wiki 10 vilikuwa asilimia 24.8, dhidi ya 28.7 kwa tiba ya siku saba za amfoterisini ya kawaida, na madhara makubwa yalikuwa machache. Dawa ile ile, kibebeo kingine.

Kwa hiyo ukipewa mradi, anza kwa kutengeneza chembe tupu. Pima ukubwa wake, pima chaji yake, ziweke kwenye seli za ini na za figo. Zikipita, ndipo uende stoo kuomba dawa.