Maswali ya wasomaji: vitabu vya Noeli

Mwaka jana nilimnunulia mtoto kitabu barabarani, hapa Lubumbashi, siku mbili kabla ya Noeli. Kilikuwa bado kwenye nailoni. Kufika nyumbani, ukurasa wa 32 unafuatwa na wa 49. Muuzaji akakataa kukirudisha. Safari hii nikague nini?
– Mama wa Katuba

Kurasa hizo hazikuchanwa, mama. Hazikuingia tangu kiwandani. Kitabu hakiungwi ukurasa mmoja mmoja: karatasi kubwa huchapwa, ikakunjwa mpaka itoe kurasa 16 au 32, kisha makunjo hupangwa kwa zamu na kutiwa gundi mgongoni. Likirukwa kunjo la tatu la kurasa 16, unakosa 33 mpaka 48, ndiyo hasara yako ileile. Likiingia mara mbili, mtoto atasoma kurasa hizo, kisha atazisoma tena. Basi tazama namba kwenye viungo: 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, mpaka mwisho. Kitabu cha kurasa 200 hakimalizi dakika mbili. Kama utangulizi una namba za Kirumi viungo vinasogea. Hapo pitisha kidole gumba polepole ukifuata namba za pembeni.

Nailoni isikudanganye. Omba ichanwe mbele yako kabla hujalipa, na muuzaji akigoma, mwachie kitabu chake.

Angalia pia kama si kopi. Picha ndizo zinazoumbua: kijivu kimekuwa cheusi, nywele na ukuta wa nyuma havitofautiani. Mistari ya upande wa mgongo imepinda au imemezwa, kwa sababu kitabu cha asili kilibanwa juu ya kioo cha mashine. Na peleka dola zisizo na mchaniko hata mdogo, au lipa kwa falanga, maana noti iliyochanika haipokelewi na ugomvi wake utakula muda wa kukagua.

Dada yangu anatoka Ubelgiji kuja kula Bonane (Mwaka Mpya) nasi. Amenipa kilo 10 kwenye valizi yake. Zinaingia vitabu vingapi?
– Mwalimu, Kampemba

Kitabu cha kawaida kina sm 14 kwa 21, na kurasa 300 ni karatasi 150. Kwa karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, hiyo ni karibu gramu 350, ongeza 20 za jalada. Hesabu 26, mwalimu, wa 27 ni bahati. Vitabu vya picha vya watoto, vyenye jalada gumu, ni vyembamba kwa macho na vizito mkononi. Hivyo vipimwe kwenye mizani.

Usimtumie jina la kitabu tu, kwa kuwa toleo la shule na toleo refu huweza kubeba jina moja. Mtumie ISBN, namba ya kitabu yenye tarakimu 13 kwenye jalada la nyuma (vitabu vilivyotoka kabla ya 2007 huwa na 10). Nyingi za vitabu vya Kifaransa huanza na 9782. Kabla ya kutuma, ipime: tarakimu ya kwanza zidisha kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, hivyo hivyo kwa zamu mpaka ya 13, kisha jumlisha. Jumla lazima iishie na sifuri. 9780306406157 inatoa 100. Ukigeuza mbili za mwisho ukaandika 75, inatoa 104, na unajua umekosea kabla dada hajafika dukani.

Niandike jina la mtoto ndani kabla ya kumpa?
– Baba wa komini ya Kenya, Lubumbashi

Hapana. Kitabu kilekile kinaweza kuja kutoka kwa tanti na kutoka kwa nkambo (bibi au babu), na chenye jina la biki hakibadilishwi. Andika kwenye kikaratasi, ukichomeke ndani.

Kado (zawadi) ya mtoto, kitabu cha picha, ililowa mvua. Niliiweka karibu na babula (jiko la makaa), sasa kurasa za picha zimeshikana.
– Msomaji, Annexe

Hizo hazitaachana. Mng'ao wa karatasi ya picha ni udongo mweupe uliochanganywa na gundi. Ukilowa kisha ukakauka kitabu kikiwa kimefungwa, kurasa mbili zinakuwa moja. Moto nao hulainisha gundi ya mgongo na kukunja kingo huku katikati kungali maji.

Kingine kikilowa, kisimamishe wima, kimefunguka kidogo kama upepeo wa mkono, penye upepo bila jua. Chomeka karatasi nyeupe za kufutia kila baada ya kurasa 20, ubadilishe zikilowa. Usitumie gazeti, wino wake unahama. Karatasi ya kung'aa inataka kipande kati ya kila kurasa mbili, saa ileile. Ukichelewa siku mbili, ukungu umeanza. Kiguse kwa shavu: kikiwa baridi, bado kina maji. Kikikauka, kilaze siku mbili chini ya ubao wenye mzigo.

Na kwa kuwa unakaa Annexe, kwenye vichuguu, usiweke vitabu kwenye katoni sakafuni. Rafu iachane na ukuta kwa sm 5. Mchwa hawavuki peupe, hujenga kwanza njia ya udongo. Ukiiona kwenye mguu wa rafu, toa vitabu vya chini siku hiyohiyo.