Je, alama 514 za MCAT zinaweza kufidia wastani wa 3.4?

Ndugu, umeuliza kama alama 514 za mtihani wa MCAT zinaweza kufidia wastani wa masomo (GPA) wa 3.4 kati ya 4.0 wa shahada ya kwanza kwa mtu anayeomba vyuo vya udaktari nchini Marekani. Zinafidia, tena si haba, lakini hazifuti.

MCAT ina sehemu nne, kila moja ikipimwa kati ya 118 na 132, hivyo jumla huanzia 472 hadi 528. Kwa alama zako umewazidi kidogo waombaji wa kawaida wanaopokelewa, ambao hupata takriban 511 au 512. Tatizo liko kwenye wastani wa masomo, kwa kuwa wao hukaribia 3.8, na hapo ndipo kamati za udahili husoma matokeo yako muhula kwa muhula: aliyeanza na 2.9 akamaliza na 3.8 huonekana tofauti kabisa na aliyeteremka kutoka 3.8 hadi 2.9, hata kama jumla zao zinalingana. AMCAS, mfumo wa pamoja wa maombi, hukokotoa pia wastani wa peke yake wa biolojia, kemia, fizikia na hisabati, na ukirudia somo, alama zote mbili huhesabiwa.

Kwa hiyo nakusihi usirudie MCAT. Muda huo uweke kwenye masomo ya sayansi ya ngazi ya juu, uyafaulu vizuri, na unapoandaa orodha yako usivisahau vyuo vya osteopathia, yaani aina ya pili ya vyuo vya udaktari nchini Marekani, vinavyofundisha pia tiba ya mikono kwa mifupa na misuli, ambavyo wahitimu wake ni madaktari kamili.